Gari Lako la Zamani Lina Wito wa Marekebisho? Haki Hiyo Haijapotea

Magari mengi yanayotembea katika kaunti yetu yalikuwa na wenyewe wengine kabla hayajatufikia. Yaliendeshwa Japani miaka kadhaa, yakashushwa katika bandari ya Mombasa, yakauzwa, kisha yakauzwa tena. Leo yanapeleka watoto shuleni, mboga sokoni na wagonjwa hospitalini. Kiwango cha Kenya KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini likishaingia, gari huishi nasi miaka kumi, kumi na mitano, hata zaidi. Ndiyo maana gari lililoundwa mwaka 2003 au 2005 bado ni jambo la kawaida barabarani.

Baadhi ya magari hayo yana kasoro ambayo mtengenezaji mwenyewe aliigundua zamani, akaitangaza na akaahidi kuirekebisha bila malipo. Mwenye gari wa sasa hana habari, kwa sababu barua ya kumjulisha ilitumwa kwa mtu aliyekuwa na gari hilo wakati ule, huko Osaka au Nagoya. Hakuna atakayeileta barua hiyo hadi kwako. Ni lazima uitafute mwenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua kama gari lako lina wito wa aina hiyo, namna ya kudai marekebisho hata kama miaka mingi imepita, na la kufanya ukikataliwa.

Wito wa marekebisho ni nini?

Kampuni ya magari inapogundua kwamba kundi fulani la magari yake lina kasoro inayohatarisha maisha, huwataka wenye magari hayo wayarudishe ili yarekebishwe bila malipo. Katika makala haya tutaiita hatua hiyo wito wa marekebisho, au wito kwa ufupi.

Watu wengi huchanganya wito na dhamana, nayo dhamana ni kitu kingine kabisa. Dhamana ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi: gari likiharibika ndani ya muda fulani au kabla ya kilomita fulani, atalitengeneza. Muda ukiisha, dhamana imekwisha. Wakati mwingine hata kulinunua gari kwa mtu mwingine hukuondoa katika dhamana hiyo.

Wito wa usalama hauangalii nani alinunua wala alinunua wapi. Unafuata nambari ya chesi. Kama nambari ya gari lako imo katika orodha ya mtengenezaji na kazi haijafanywa, wito huo bado uko wazi, uwe mwenye gari wa kwanza au wa sita. Ukielewa tofauti hii utakuwa na jibu siku utakapoambiwa kwenye kaunta kwamba "dhamana ya gari hili ilikwisha zamani."

Ni kweli kwamba nchi nyingine zimeweka mipaka ya muda. Marekani, kwa mfano, sheria humlazimu mtengenezaji kurekebisha bure gari ambalo halijapita miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza. Lakini hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Makampuni mengi yameendelea kurekebisha kasoro kubwa za usalama hata kwa magari yaliyopita umri huo. Kwa hivyo usijikatie tamaa mwenyewe kwa sababu gari ni kuukuu. Uliza kwanza.

Kasoro inayotuhusu zaidi: mifuko ya hewa ya Takata

Ziko kasoro nyingi zilizotolewa wito. Mwaka 2012 Toyota ilitoa wito kwa magari zaidi ya milioni 7 duniani kwa sababu ya swichi kuu ya vioo vya madirisha, ambayo ingeweza kupata moto hadi kuyeyuka au kuwaka. Lakini wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani.

Mfuko wa hewa ni ule unaofumuka kutoka kwenye usukani au dashibodi wakati wa ajali ili kichwa na kifua visigonge vyuma. Nyuma ya mfuko huo kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, kemikali hiyo huwaka, hutoa gesi, na gesi huujaza mfuko kabla hujapepesa jicho.

Takata ilitumia kemikali iitwayo amonia naitreti. Kemikali hiyo huathiriwa na unyevu na mabadiliko ya joto. Gari likikaa miaka mingi katika joto kali na unyevunyevu, vidonge vile huharibika polepole. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kikopo hushindwa kuhimili shinikizo, kinapasuka, na vipande vya chuma hurushwa usoni na shingoni mwa mtu aliyeketi mbele. Kifaa kilichowekwa kuokoa maisha kinageuka kuwa bomu dogo.

Honda ilitoa wito wa kwanza mwaka 2008 kwa magari takriban 4,000. Baadaye idadi iliendelea kupanda. Marekani peke yake ilifikia vikopo milioni 67 hivi, na duniani kote hesabu inakaribia milioni 100. Vifo zaidi ya 25 nchini Marekani vimehusishwa na kasoro hii, na mamia ya watu wamejeruhiwa. Nchini Malaysia, mwaka 2014, mama mjamzito aliyekuwa akiendesha Honda City aliuawa na kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye mfuko wa hewa.

Honda si peke yake. Baadhi ya magari ya Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW, Mercedes-Benz na Ford yamo katika orodha hiyo. Baadhi ya aina za Corolla, Vitz, Fit, X-Trail, Impreza na Lancer, majina tunayoyaona kila siku barabarani, yamewahi kuitwa. Neno "baadhi" hapa ni muhimu. Magari mawili ya jina moja na rangi moja yanaweza kutofautiana: moja limo katika wito, lingine halimo. Jina la gari halitoshi kukupa jibu. Ni nambari ya chesi tu inayojibu.

Kwa nini sisi wa Pwani tusichelewe

Marekani ilipoanza kuchunguza kasoro hii, iliona kwamba hatari ni kubwa zaidi katika sehemu zenye joto na unyevu, kama Florida, Hawaii na Puerto Rico. Baadhi ya wito wa wakati huo ulielekezwa huko. Tuna sababu ya kujiona katika maelezo hayo. Gari linaloegeshwa juani mchana kutwa, karibu na bahari, mwaka baada ya mwaka, linaishi katika hali ileile inayoharibu vidonge hivyo.

Umri nao huongeza hatari. Katika majaribio ya maabara yaliyotangazwa Marekani mwaka 2016, vikopo vya baadhi ya magari ya Honda na Acura ya 2001 hadi 2003 vilionyesha uwezekano wa kupasuka unaofikia asilimia 50. Kwa hivyo gari likizeeka bila kurekebishwa, wito hauzeeki nalo. Hatari ndiyo inayokua.

Kuna jambo jingine. Kuanzia Mei 2018, Japani iliacha kuyapa cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko hatari zaidi ya Takata ambayo haikuwa imebadilishwa. Magari yaliyoondoka huko kabla ya tarehe hiyo hayakupitia kichujio hicho. Gari lako likiwa liliingia Kenya kabla ya 2018, usidhani kwamba lilirekebishwa huko lilikotoka.

Jinsi ya kufuatilia, hatua kwa hatua

*1. Hakikisha nambari ya chesi.* Itafute kwenye logbuku, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye gari lenyewe. Kutegemea aina ya gari, huwa imechongwa au kubandikwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au chini ya kiti cha mbele. Gari la Kijapani lililouzwa kwanza Japani kwa kawaida halina ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Lina herufi na tarakimu chache, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Corolla ambayo Wakenya huiita "NZE" ilipata jina hilo kutokana na herufi zinazoanza nambari yake ya chesi.

Nambari ya logbuku ikitofautiana na ya gari, simama hapo kwanza. Hilo ni suala la Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), na ni lazima litatuliwe kabla ya jambo lingine lolote.

*2. Tafuta kama gari lina wito.* Watengenezaji wakubwa wa Japani wana ukurasa rasmi kwenye tovuti zao za Japani ambapo unaandika nambari ya chesi na kuonyeshwa wito wowote uliopo na kama kazi imeshafanywa. Ukurasa huwa kwa Kijapani, lakini programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu inatosha kukuonyesha njia. Tovuti za Marekani hazitakusaidia kwa gari la Japani, kwa kuwa hudai nambari ya tarakimu 17. Gari lako likiwa liliuzwa kwanza Uingereza au nchi nyingine, tumia ukurasa wa mtengenezaji wa nchi hiyo.

Andika nambari kwa uangalifu. Kosa la tarakimu moja linaweza kukupa jibu la "hakuna wito" ambalo si la gari lako. Ukipata jibu, lipige picha au ulichapishe likiwa na tarehe. Kama mtandao unakusumbua, mwombe wakala rasmi wa kampuni hiyo hapa nchini akutafutie kwa nambari ya chesi.

*3. Angalia mlango wa dereva.* Magari mengi yaliyorekebishwa Japani hubandikwa kibandiko kidogo chenye nambari ya wito kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukikiona, ni dalili njema. Lakini kisikufanye ulale usingizi, kwa sababu miaka ya mwanzo baadhi ya vikopo vya Takata vilibadilishwa kwa vikopo vipya vya aina ileile, na baadaye magari hayo yakaitwa tena. Na usipokiona haimaanishi kwamba kazi haikufanywa. Huenda kilibanduliwa gari lilipopakwa rangi. Jibu la mwisho hutoka kwenye rekodi za mtengenezaji.

*4. Kusanya karatasi.* Beba nakala ya logbuku, kitambulisho chako, jibu ulilolipata mtandaoni, na stakabadhi za kuingiza gari kama bado unazo. Kama logbuku bado iko kwa jina la mtu aliyekuuzia, kamilisha uhamisho wa umiliki kupitia eCitizen. Wito hufuata gari, lakini gereji ina haki ya kutaka kujua kwamba aliyelileta ana idhini ya kulileta.

*5. Nenda kwa wakala rasmi, na uulize kwa maandishi.* Usiende na swali la jumla kama "mnarekebisha magari ya zamani?" Jibu rahisi la swali hilo ni hapana. Uliza maswali manne ambayo kila moja lina jibu lake:

- Je, nambari hii ya chesi ina wito ambao haujafanyiwa kazi?
- Nambari ya wito huo ni ipi?
- Kipuri kipo, na kama hakipo, kitapatikana lini?
- Kazi yote, kipuri na ufundi, itafanywa bila malipo?

*6. Baada ya kazi, dai karatasi.* Omba hati inayoonyesha tarehe, nambari ya chesi, nambari ya wito na kipuri kilichowekwa. Ihifadhi pamoja na logbuku. Siku utakapouza gari, mpe mnunuzi. Itamwondolea wasiwasi, na bei yako pia itakuwa na cha kuitetea.

Barua ya mfano

Unaweza kunakili maneno haya, ukajaza nafasi zilizo wazi:

> Kwa Meneja wa Huduma,
>
> KUH: WITO WA USALAMA KWA GARI LENYE NAMBARI YA CHESI ________
>
> Mimi ni mwenye gari aina ya ________, lililotengenezwa mwaka ____, lenye nambari ya usajili ________. Kwa mujibu wa rekodi za mtengenezaji nilizoziangalia tarehe ________, gari hili lina wito wa usalama ambao haujafanyiwa kazi. Nimeambatanisha nakala ya jibu hilo pamoja na nakala ya logbuku.
>
> Naomba mnijulishe kwa maandishi: (a) kama mnathibitisha wito huo, (b) tarehe mtakayoweza kulifanyia kazi gari bila malipo, na (c) kama hamwezi, sababu yake, na ofisi ya mtengenezaji ninayopaswa kuiandikia.
>
> Tafadhali nijulisheni pia kama ni salama kuendelea kulitumia gari hili kwa sasa.
>
> Wako mwaminifu,

Andika nakala mbili na uombe ile yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi ujumbe wenyewe. Swali la mwisho katika barua hiyo lina uzito wake. Ni vigumu kwa kampuni kuliacha bila jibu swali lililoandikwa kuhusu usalama wa maisha.

Ukikataliwa

Jibu ambalo huenda ukalipata ni hili: "Gari hili hatukuliuza sisi." Jibu hilo linaweza kuwa la kweli, lakini halimalizi jambo. Aliyetoa wito ni mtengenezaji, si wakala wa hapa. Wakala akikataa, usichukulie kwamba mtengenezaji amekataa. Mwombe akuandikie sababu, kisha uiandikie ofisi ya mtengenezaji inayohudumia wateja, ukiambatanisha barua yako, jibu la wakala na matokeo ya nambari ya chesi. Mwombe mtengenezaji akuambie ni karakana gani katika Kenya itakayoifanya kazi hiyo.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaendeleza haki hizo. Unaweza kupeleka malalamiko yako katika taasisi hizi:

- Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya watumiaji kuhusu mienendo isiyo ya haki na bidhaa zisizo salama.
- Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), linalosimamia viwango, vikiwemo vya magari yaliyotumika.
- NTSA, kuhusu rekodi za gari na usalama wake barabarani.
- Mahakama ya Madai Madogo, ikiwa ulitozwa pesa kwa kazi iliyopaswa kuwa ya bure, au muuzaji alikudanganya kuhusu gari. Mahakama hii husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili.

Na serikali ya kaunti je? Ni vyema tuseme ukweli. Kaunti haina mamlaka ya kumwamuru mtengenezaji wa magari aliye ng'ambo, wala haisajili magari. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kusimamia biashara katika eneo lake, ikiwemo haki katika biashara. Muuza magari aliye katika kaunti hii akificha wito anaoujua, au gereji ikikutoza kwa ulaghai, fika katika idara ya biashara ya kaunti ukiwa na karatasi zako. Kama ofisi hiyo iko mbali, anza kwa msimamizi wa wadi yako.

Unapongojea kipuri

Vipuri vinaweza kuchelewa. Wakati huo, zingatia haya:

- Kama wito unahusu mfuko wa upande wa abiria peke yake, abiria waketi nyuma na kiti cha mbele kibaki wazi.
- Kama unahusu usukani, punguza safari za gari hilo kadiri uwezavyo. Mtengenezaji akiwa amesema lisiendeshwe, usiliendeshe. Mwombe wakala akupe utaratibu wa kulifikisha karakana bila kuliendesha.
- Funga mkanda kila safari, na usisogeze kiti karibu na usukani kuliko inavyohitajika.
- Usimruhusu fundi asiye na mafunzo ya kazi hiyo kuufungua au kuung'oa mfuko. Kikopo kile kina kemikali inayolipuka ndani yake, na kinaweza kufumuka mikononi mwake.
- Usinunue mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari lililokatwakatwa. Huenda nao ni wa Takata, wa umri uleule na kasoro ileile. Utakuwa umelipa pesa ili ubaki na hatari uliyokuwa nayo.
- Taa ya mfuko wa hewa ikikaa imewaka kwenye dashibodi, ipeleke kwa mtaalamu. Lakini isipowaka, usidhani kwamba kemikali iko salama. Taa hukagua nyaya na umeme; haioni kilicho ndani ya kikopo.

Maswali yanayoweza kukujia

*Takata ilifilisika. Nani atanilipia?*
Ni kweli, Takata iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Lakini wito ulitolewa na watengenezaji wa magari, na wao ndio wenye wajibu wa kurekebisha magari yao.

*Rekodi inaonyesha gari langu halina wito. Naweza kutulia?*
Mara nyingi ndiyo, isipokuwa gari liliwahi kupata ajali likawekewa usukani au dashibodi ya gari jingine. Hapo nambari ya chesi inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, haielezi kipuri kilichowekwa baadaye. Mweleze wakala historia hiyo na umwombe akague kipuri chenyewe. Pia angalia rekodi tena kila mwaka, maana wito mpya hutolewa mara kwa mara.

*Gereji inasema wito ni bure lakini nilipe ada ya uchunguzi.*
Uchunguzi unaohitajika kwa ajili ya wito ni sehemu ya wito. Wakigundua hitilafu nyingine, kama breki zilizokwisha, kuitengeneza ni hiari yako na ni kwa gharama yako. Omba hesabu hizo mbili zitenganishwe kwa maandishi.

*Mtu amenipigia simu akisema nitume pesa ili gari langu liandikishwe kwenye wito.*
Usitume. Wito hauna ada ya kujiandikisha. Ripoti nambari hiyo kwa polisi.

*Gari langu ni la miaka ya sabini au themanini. Mfumo wa mtandaoni haulitambui.*
Kumbukumbu za mtandaoni aghalabu hazifiki nyuma kiasi hicho. Liandikie shirika lililolitengeneza, ukitaja nambari ya chesi na mwaka, na uulize kama kuna wito wa usalama uliobaki na kama kipuri bado kinapatikana. Hata kama kazi ya bure haiwezekani tena, jibu litakuambia sehemu gani ya gari fundi wako aiangalie kwanza.

*Nataka kununua gari la mkononi. Nifanye nini?*
Omba nambari ya chesi kabla ya kulipa, na ufanye hatua ya pili nyumbani kwako. Ukikuta wito ulio wazi, si lazima uache gari hilo. Mwambie muuzaji aufanyie kazi kwanza, au mkubaliane kwa maandishi nani atakayelipeleka.

Kwa ufupi

Chukua logbuku yako leo. Linganisha nambari ya chesi na ile iliyo kwenye gari. Itafute katika rekodi za mtengenezaji. Ukikuta wito, nenda kwa wakala rasmi na barua mkononi, na ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi kisha uende mbele.

Kuiangalia nambari hiyo ni kazi ya dakika chache na haigharimu zaidi ya bando la intaneti. Mwenye gari wa kwanza huko Japani alipata barua ya kumwonya. Wewe hukuipata, lakini hatari iliyoandikwa ndani yake sasa imeegeshwa nje ya nyumba yako. Mweleze na jirani ambaye gari lake ni la miaka hiyo, hasa yule anayebeba watoto wa shule.